Mwaka wa Gauni la Marinda

Tumemuaga Lennart, aliyekuwa mkuu wangu katika polisi. Amestaafu, na ofisini kulikuwa na keki ya kijani, kahawa ya chupa na hotuba fupi, maana Stockholm mtu huitumikia idara maisha yake yote kisha huagwa upesi, watu wakitazama saa za treni. Mwishoni akasimama mwenyewe, nywele nyeupe kabisa, akaanza hadithi anazozipenda. Ya mwisho ilikuwa yangu. "Huyu Rehema," akasema kwa Kiswidi, akinielekezea kikombe, "ndiye askari pekee ninayemjua aliyeficha bastola ndani ya mimba. Wanawake wa Hallunda walimtafutia mpaka kigari cha mtoto!" Vijana wakacheka mpaka mmoja akapaliwa na keki. Niliweka sahani chini, nikachukua koti langu, nikatoka. Nina hasira. Nitaieleza kwa utaratibu, kidogo kidogo, kwa sababu ndivyo ninavyofundisha, na kwa sababu wale vijana waliocheka ni wanafunzi wangu na ninawapenda. Walicheka kwa kuwa hadithi waliyopewa ilikuwa nusu.

Kazi yangu siku hizi ni kuwafundisha askari kanzu, yaani polisi wanaofanya kazi wakiwa wamevaa nguo za kila siku. Swali lao la kwanza ni lilelile kila muhula: tuvae nini ili silaha isionekane? Huwa nawaambia wakae, wavue makoti, wapumue. Kuficha kipande cha chuma si jambo gumu. Nguo yoyote iliyopwaya huweza. Kinachotaka akili ni kuvaa kitu ambacho hakuna mtu katika chumba kile atakayejiuliza kwa nini umekivaa. Nguo haiko peke yake. Iko na chumba, iko na watu, iko na kazi ambayo watu wale wamekutana kuifanya. Koti jeusi lililotunishwa litakuficha ndani ya treni ya chini ya ardhi mwezi wa Januari, kwa kuwa behewa zima limevaa hilo hilo. Ingia nalo nyumbani kwa mtu, ambako viatu huachwa mlangoni na makoti hutundikwa, ukae nalo kwenye kochi, na hata mtoto atakuuliza kama unaumwa. Wanafunzi huandika maneno hayo. Wanadhani nimeyatoa kitabuni. Niliyatoa Hallunda, kitongoji cha kusini mwa Stockholm, mwaka mmoja nikiwa kijana, na ingawa ninayasema kwa upole, isidhaniwe yaliniingia kwa upole.

Mwaka ule nilipewa kumlinda mwanamke mmoja. Furaha alikuwa mtu wa Bukavu, mfanya usafi, na aliona kwa macho yake, kwenye ngazi za jengo lake, ni nani aliyempiga risasi jirani yake. Watu wengine wa jengo waliona wakasema hawakuona. Yeye alisema ameona, na kwamba atasema tena mbele ya jaji. Tangu siku hiyo alianza kusubiriwa na vijana asiowajua kwenye kituo cha treni. Kitengo chetu kilitaka ahamishwe mbali mpaka siku ya kesi. Alikataa. "Mukinitoa kwa bamama bangu," alimwambia Lennart, nami nikitafsiri, "mutakuwa mumenimaliza mbele ya bale." Yaani tutakuwa tumemuua sisi kabla ya wale waliomtafuta. Basi ikaamuliwa mtu awe karibu naye, mwenye silaha, bila jirani yeyote kujua, ili wale waliomtafuta wasijue kwamba analindwa wakabadilisha mbinu. Katika kitengo kizima mimi peke yangu nilijua Kiswahili. Nikajifanya rafiki yake wa Hjulsta, kitongoji kingine, aliyesoma naye Kiswidi.

Hao bamama, yaani akina mama wenzake, aliokataa kuwaacha walikutana kila Jumamosi mchana katika ukumbi wa chini wa jengo lao, pembeni mwa chumba cha kufulia nguo. Mabomba yalipita darini, na dirisha lilikuwa jembamba, likionyesha miguu ya wapita njia tu. Jikoni mlikuwa na jiko la sahani nne, moja ikiwa imekufa zamani. Walipikia wenzao: aliyelazwa hospitali Flemingsberg, aliyejifungua, aliyefiwa. Kulikuwa na Waburundi, Waganda, Wakenya, sisi Watanzania, kila mtu na Kiswahili chake, na watoto wakipita katikati wakidai vitu kwa Kiswidi. Harufu ilikuwa ya vitunguu vya pilau upande mmoja na sombe ya Furaha, kisamvu cha kwao, upande wa pili, na nguo zilizofuliwa juu ya yote. Nilipoingia mara ya kwanza nilikuwa nimevaa alivyonivalisha Lennart: jinzi, fulana ndefu, na koti la michezo lenye zipu, "kama mwanamke yeyote wa Stockholm." Ukumbini kulikuwa na joto la masufuria matatu. Kila mwanamke alikuwa na dera au gauni na khanga kiunoni. Furaha alinivuta pembeni. "Rehema, weye unasimama kama polisi kabisa. Simama kama mutu iko na njaa."

Aliyeniokoa, bila kujua ananiokoa, ni Mama Eliza. Alikuwa mtu wa Tanga, muuguzi msaidizi katika nyumba ya wazee, na mwenye cherehani iliyoshonea nusu ya harusi za Waafrika upande wetu wa mji. Aliniangalia na jinzi yangu akasema, "Mwanangu, utatoka jasho mpaka uishe. Njoo nikupime." Nilikwenda kwake bila silaha siku hiyo. Alinizungusha katikati ya sebule, pini mdomoni, futi shingoni, redio ikiongea peke yake. Alipofika kiunoni nikamwambia, kwa haya, kwamba sipendi kubanwa hapo, aniachie nafasi ya kutosha. Mama Eliza aliinua macho. Alitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye mto. "Haya, mwanangu," akasema kwa sauti ya chini. "Nimekuelewa. Sisemi kitu." Nilidhani ni adabu ya fundi. Wiki iliyofuata akanipa gauni la kitenge cha bluu, marinda yakianzia chini ya kifua na kumwagika mpaka magotini, gauni zuri kuliko yote niliyowahi kuvaa. Bastola ilikaa ndani yake kama haipo. Lennart aliponiona alipiga makofi.

Sasa nieleze kosa, kwa sababu ni kosa ambalo kitengo kizima cha wasomi wa usalama hakikuliona na ambalo mwanamke yeyote wa kwetu angeliona akiwa amefumba macho. Mtu mwenye silaha kiunoni hainami ovyo. Basi Jumamosi baada ya Jumamosi, wenzangu walipokaa chini kwenye mkeka kumenya viazi, mimi nilitafuta kiti. Waliponiomba tuinue sufuria la pilau nilisema samahani, mgongo. Waliponikumbatia niligeuka nikatoa bega, nisibanwe mbele. Mtoto akikimbia karibu yangu nilishusha mkono haraka, nikaushika upande wa tumbo. Na juu ya hayo yote nilivaa gauni la marinda nililoagiza lisinibane katikati. Unaona? Kila nilichokifanya ili wasiione bastola ndicho mwanamke mwenye mimba anachokifanya.

Mama Wanjiru ndiye aliyelisema. Alikuwa dereva wa basi, Mkenya, na sauti yake ilizoea kufika viti vya nyuma. "Rehema, tuambie ukweli, hiyo tumbo ni ya miezi ngapi? Nyinyi Wabongo mnaficha mimba mpaka mtoto anaanza shule!"

"Mwache," Mama Eliza akamkatiza. "Atasema akitaka."

"Si nimemwacha? Nauliza tu. Baba ni Mswidi ama ni mtu wetu?"

Ukumbi mzima ukacheka, na Furaha, ambaye peke yake alijua nilichobeba, akainamisha uso juu ya sombe. Kabla sijapata la kusema mtu alikuwa ameshanisogezea kiti chenye mgongo, mwingine kikombe cha uji wa mtama. Wakaanza kubishana kama ukwaju unamfaa mjamzito au haumfai. Niliunywa ule uji. Ulikuwa wa moto, wenye ndimu, na niliumaliza.

Jumatatu nilikwenda kwa Lennart, nikakaa naye ndani ya gari kwenye maegesho ya maduka ya Hallunda. Nikamwambia wanaamini nina mimba, nibadilishiwe nguo, nibadilishiwe mpango, nitafute sababu nyingine ya kuwa pale. Alifikiri kidogo. Kisha uso ukamng'aa. "Lakini hii ni bora kabisa," akasema. "Hakuna anayempekua mjamzito. Hakuna anayemuuliza kwa nini hanyanyui kitu. Hata sisi tusingebuni hivi. Endelea nayo. Tutakutafutia kimto, kiwe kinakua."

Alijua. Hapo ndipo hasira yangu inapokaa, na miaka yote hii haijahama. Majira ya kuchipua ya mwaka uliotangulia nilikuwa nimepoteza mimba ya miezi mitano. Sikuwa nimemwambia mtu kazini isipokuwa yeye, kwa kuwa yeye ndiye aliyeniruhusu kukaa nyumbani. Alinitumia maua. Na sasa alikuwa amekaa karibu yangu, mkono juu ya usukani, akinieleza jinsi kimto kitakavyokua mwezi hadi mwezi. Nilimkumbusha. Nilisema, "Lennart, unakumbuka mimi nilikuwa…" Akanigusa bega. "Ndiyo, ndiyo. Ndiyo maana utaweza kuigiza vizuri." Hakusema kwa ukatili. Alisema kama mtu anayekutia moyo. Nimewahi kutukanwa na wahalifu wenye visu, na hakuna aliyenifikia pale alipofika Lennart kwa sauti ile ya upole.

Mtaniuliza kwa nini sikushuka kwenye gari nikaenda zangu. Wanafunzi wangu wa kike huniuliza hivyo kwa mambo mengine, nami huwajibu: angalia nani atabaki peke yake ukiondoka. Kama ningekataa, hakukuwa na mwingine anayejua Kiswahili, na Furaha angekuwa jikoni bila mtu, mlango ukiwa haufungwi, kesi ikisubiri mpaka kiangazi. Basi nilikivaa kimto. Kila Jumamosi asubuhi nilisimama bafuni, nikafunga silaha, nikafunga kimto, nikashusha marinda, na sikutazama kioo. Mume wangu alitoka nje kutembea mpaka niondoke. Jioni nilikuta ameosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Nao bamama walinipenda. Hilo ndilo Lennart hakulitia kwenye hesabu zake kamwe, kwamba wale ni watu. Mama Wanjiru alileta kigari cha mtoto kutoka kwa abiria wake mmoja, akakiweka katika chumba cha baiskeli, akakifunga kwa mnyororo na kubandika jina langu. Mama Eliza alinishonea kofia ndogo mbili za pamba, na akanipa jozi ya khanga kuukuu zilizolainika, "maana mpya humkwaruza mtoto." Alinifundisha jinsi ya kulala, jinsi ya kuinuka kitandani, na nilikuwa najua yote, nilikuwa nimeshayafanya yote. Jikoni nilisikia mazungumzo ambayo wanawake huzungumza tu mbele ya mwanamke wanayedhani ni mwenzao katika hali ile. Walisimulia uchungu ulioshika mtu ndani ya treni, mkunga wa Kiswidi aliyesema "vuta pumzi" mpaka mtu akataka kumpiga, watoto waliozaliwa wakaishi na waliozaliwa wasiishi. Nilisikia bila haki ya kusikia, na aliyeninyang'anya haki hiyo alikuwa akinipigia simu kila Jumapili kuniuliza kama kimto kinakaa sawa.

Kisha siku moja ya Aprili, theluji ya mwisho ikiyeyuka dirishani, mlango wa ukumbi ukafunguliwa na mwanamume akasimama pale na viatu vyake miguuni. Wanawake huviangalia viatu kwanza. Alikuwa kijana, amevaa vizuri, kofia ya koti kichwani. Akauliza kwa Kiswidi, "Nani anaitwa Furaha?" Mkono mmoja ulikuwa mfukoni. Furaha alikuwa nyuma yangu, kwenye jiko. Nilisimama kutoka kwenye kiti changu chenye mgongo, na hapo ikatokea jambo ambalo hakuna mafunzo yaliyonitayarisha nalo. Mama Wanjiru alinishika mkono akanivuta nyuma. "Wewe rudi huko na hiyo tumbo!" Mama Eliza akaja mbele yangu. Wengine wakaja mbele ya Mama Eliza. Nikajikuta mimi, mtu pekee mwenye silaha katika chumba kile, nimezungushiwa wanawake wenye miiko na visu vya vitunguu, na watoto wawili wameshika marinda yangu. Nisingeweza kuitoa bastola hata kama ningetaka. Mbele yangu kulikuwa na migongo tu, ya watu ninaowapenda.

"Vua viatu," Mama Wanjiru akamwambia yule kijana kwa Kiswidi cha basi, "au toka."

"Namtafuta Furaha."

"Sisi wote tunaitwa Furaha," Mama Eliza akasema. Sauti yake haikupanda. "Unataka Furaha yupi?"

Alitazama nyuso zile, akanitazama mimi na tumbo langu, akaangalia chini. Akatoka. Wenzangu wa kitengo, ambao kila Jumamosi walisubiri ndani ya gari nje, walimkamata kabla hajafika kituoni, nami nilikuwa nimeshabonyeza kitufe cha dharura nilichokuwa nacho kifuani. Alikuwa na kisu. Lennart aliandika kwamba mavazi yalifanya kazi kama ilivyotarajiwa. Mavazi! Wanawake walijiweka mbele ya kisu kwa ajili ya mtoto asiyekuwepo, na mtu akasifu kitambaa.

Furaha alitoa ushahidi mwanzoni mwa kiangazi. Alisimama wima, akasema alichokiona, Kifaransa kikimponyoka alipochoka, na aliowataja walihukumiwa. Siku iliyofuata alihamishiwa mji mwingine ambao hata mimi sikuambiwa. Kazi ikawa imekwisha, ila nilikuwa bado na mimba ya miezi minane mbele ya watu. Nikamuuliza Lennart nitaiweka wapi. Hakuinua hata macho kwenye kompyuta yake. "Waambie imetoka. Hutokea. Hakuna atakayeuliza zaidi. Njia hii ni nzuri, tutaihitaji tena, kwa hiyo ukweli usiwaambie."

Nilisema sitasema hivyo. Akasema ni amri. Nikasema nimeisikia. Jumamosi nilivaa suruali na shati jeupe nililochomekea, kiuno kikiwa wazi bila kitu, nikapanda treni mpaka Hallunda. Kwa tendo hilo niliondolewa kitengoni, nikakalishwa mezani muda mrefu, na sijawahi kujuta hata asubuhi moja.

Walikuwepo wote. Mama Wanjiru aliniona tumbo, au mahali tumbo lilipokuwa, akaweka mkono mdomoni. Nikawaambia kabla hawajanifikia. Nikasema mimi ni askari, nilikuwa namlinda Furaha, yuko salama, na nilichobeba kilikuwa bastola na mto. Nilisema kwa Kiswahili rahisi, nikisimama mlangoni bila viatu.

"Mbele ya watoto wetu?" Mama Wanjiru akauliza. "Bunduki? Na mimi nikakuchukulia kigari, nikakivuta kwa theluji kutoka kituo hadi kituo? Wewe dada, unatuona aje?" Alivua aproni, akapita karibu yangu, akatoka. Hakunisalimia tena mpaka alipohamia Göteborg, na alikuwa na haki yake.

Mama Eliza hakusogea. Alikuwa na bakuli la unga mkononi. "Kwa hiyo huna mtoto."

"Sina, Mama."

"Wala hukuwa naye."

Hapo ningeweza kusema ndiyo. Lakini amri ya Lennart ilikuwa bado sikioni mwangu, lile neno "imetoka" alilolitamka kama mtu anayezima taa, na nikaona kwamba nikinyamaza atakuwa amenichukulia na yule mtoto wa kweli pia. "Nilikuwa naye," nikasema. "Mwaka jana. Si huyu. Alikuwa wa miezi mitano. Bosi wangu alijua."

Mama Eliza akaweka bakuli. "Wa kike au wa kiume?"

"Wa kike."

"Jina?"

Nilikuwa nimempa jina na sikuwahi kulitamka mbele ya mtu yeyote isipokuwa baba yake. "Tumaini," nikasema.

"Mlimkalia matanga?"

Nikatikisa kichwa. Mmoja wa wale Waganda akasema kwa upole kwamba kwao mtoto wa tumboni hakaliwi matanga. "Hapa anakaliwa," Mama Eliza akajibu, akaanza kusukuma meza ukutani. Wakatandika mikeka. Mtu akazima redio, mtu akaongeza maji kwenye sufuria la chai, watoto wakatolewa nje. Nikakalishwa chini, katikati, mgongo ukutani, miguu nimeinyoosha, kwa mara ya kwanza tangu niujue ukumbi ule, na wakaja mmoja mmoja wakanikumbatia kifua kwa kifua, na kila mmoja alisema jina la mtoto wangu. Simu yangu ikaanza kulia ndani ya mkoba. Nilijua ni Lennart, akitaka kujua kama nimeshawaambia imetoka. Nilinyoosha mkono kuichukua. Mama Eliza aliniwahi, akauvuta mkoba, akausukuma mbali upande wa pili wa chumba kwa mguu wake.

"Iache ilie," akasema. "Leo umefiwa. Mfiwa hapokei simu."